Dakika tatu za Khedive Ismail: uchambuzi wa kisa cha meli ya askari iliyong'oa nanga Kilindini, Februari 1944

## Kwa nini kisa hiki

Tarehe 12 Februari 1944 meli ya kubeba askari iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Hindi, ikiwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo. Ilikuwa na watu 1,511, na waliookolewa walikuwa 214. Miongoni mwa abiria walikuwamo askari na maofisa 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, jambo linalofanya siku hiyo kuwa miongoni mwa siku nzito kuliko zote katika historia ya askari wetu, ingawa haitajwi sana katika masimulizi ya vita tunayowapa watoto shuleni.

Kisa hiki kinaposimuliwa, mazungumzo huishia karibu kila mara kwenye uamuzi mmoja: kamanda wa manowari ya ulinzi aliamuru mabomu ya chini ya maji yaangushwe mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaelea. Uamuzi huo unastahili kuchunguzwa, nami nitauchunguza kwa kirefu. Lakini naamini kwa dhati kwamba tukimsimamisha kamanda huyo peke yake mbele ya baraza, tunawaacha nje watu walioamua mambo makubwa zaidi wakiwa nchi kavu, siku nyingi kabla ya torpido ya kwanza, yaani kombora liendalo ndani ya maji, kufyatuliwa.

Majina ya meli, mahali na vikosi yamebaki kama yalivyo kwa kuwa ni mambo ya historia iliyo wazi. Majina ya watu, wawe makamanda au abiria, yameondolewa yote, na kila mhusika anatajwa kwa kazi yake tu.

## Meli na utumishi wake kabla ya 1944

Meli hii haikuzaliwa kuwa meli ya vita. Iliundwa mwaka 1922 katika karakana ya Scotts, Greenock, Uskoti, kwa ajili ya kampuni ya Chile ya Compañía Sudamericana de Vapores, ikaitwa Aconcagua. Ukubwa wake wa usajili ulikuwa tani 7,513, nayo ilikuwa na pacha wake aliyeitwa Teno. Kazi yao ilikuwa kuchukua abiria na shehena kati ya Valparaíso na New York kwa kupitia mfereji wa Panama. Mwaka 1935 pacha hao walinunuliwa na kampuni ya meli ya Misri, Khedivial Mail, Aconcagua ikawa Khedive Ismail na Teno ikawa Mohamed Ali El-Kebir.

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliichukua Khedive Ismail kwa kazi ya kusafirisha askari. Meli ya abiria inapogeuzwa kuwa meli ya askari, vyumba vya juu hubaki kwa maofisa na wageni, na falka zilizokuwa za shehena huwekwa meza, mabenchi na ndoana za kutundikia machela ya kamba. Mamia ya watu hulala na kula chini kabisa, mahali palipokusudiwa magunia na makasha, na njia yao ya kutoka ni ngazi chache nyembamba. Jambo hili msomaji alishike vizuri, maana ndilo lililoamua mengi.

Mwezi Aprili 1941 meli ilitumwa Nauplia, Ugiriki, kuwaondoa askari waliokuwa wakirudi nyuma mbele ya Wajerumani. Gati lilikuwa limezibwa na meli nyingine iliyopanda mwamba, kwa hiyo askari walipaswa kuletwa kwa vyombo vidogo, navyo havikutosha. Khedive Ismail iliondoka usiku ule bila kupakia askari hata mmoja. Meli ya Kiholanzi iliyokuwa jirani yake, Slamat, iliendelea kupakia kupita saa iliyoamriwa, na kulipopambazuka ndege za Ujerumani ziliikuta ingali katika eneo la hatari zikaizamisha. Manowari mbili zilizowaokoa watu wake, Diamond na Wryneck, nazo zilizamishwa siku hiyohiyo, na waliokufa kwa jumla walikaribia 1,000. Kwa mabaharia wa kizazi kile, adhabu ya kusimamisha chombo ili kuokoa watu haikuwa habari ya kusikia kwa watu.

## Msafara wa KR 8

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Ceylon (leo Sri Lanka) tangu 1943 ikijiandaa kwa vita vya Burma, na Kilindini ndiyo iliyokuwa mlango wa kupeleka watu na vifaa. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara uliopewa alama ya KR 8 ulitoka bandarini hapo ukiwa na meli tano za askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga.

Ndani ya Khedive Ismail, pamoja na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, walikuwamo watu 271 wa jeshi la majini la Uingereza, wauguzi 53 na msimamizi wao, wanawake 19 wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, na wanawake tisa wa kikosi cha uchukuzi. Rejimenti nzima, kuanzia makao yake makuu hadi wapishi, iliwekwa katika chombo kimoja.

Siku ya shambulio walinzi walikuwa watatu. HMS Hawkins ilikuwa manowari kubwa ya kizamani, iliyokamilika mwaka 1919, yenye mizinga mizito ya kupigana na meli za juu ya maji lakini isiyo na kazi katika kuwinda nyambizi. Kazi hiyo ilibaki kwa manowari mbili za kasi, HMS Petard na HMS Paladin. Mwishoni mwa Januari mwaka huo manowari kubwa za kundi la Mashariki la jeshi la majini la Uingereza zilikuwa zimewasili Ceylon, nazo kila zinapotoka bandarini zilihitaji manowari za kasi pembeni yake, wakati misafara ya askari na ya shehena ilikuwa ikizililia zilezile.

Adui hakuwa mgeni katika maji haya. Nyambizi I-27, iliyoanza utumishi mwaka 1942 na kufanya doria zake za Bahari ya Hindi kutoka Penang, ilikuwa imekwisha kuzamisha meli nyingi za biashara kati ya Ghuba ya Oman na kusini mwa India. Wakuu wa usafiri baharini walijua kwamba nyambizi zipo, na walijua kwamba zinapenda kuvizia mahali ambapo njia za meli zinabanwa na visiwa.

## Saa nane na nusu mchana

Msafara ulikuwa umefika kwenye visiwa vya Maldivi, katika mlango wa bahari uitwao One and a Half Degree Channel. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia na jua kali. Ilikuwa Jumamosi, chakula cha mchana kimekwisha. Askari wengi walikuwa chini wamepumzika, na abiria wengine, wakiwamo wauguzi, walikuwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki.

I-27 ilifyatua torpido nne. Mbili ziliipiga Khedive Ismail, na meli ililala ubavu na kuzama kwa muda wa dakika tatu hivi.

Dakika tatu ni kitu cha kupimwa kwa miguu. Mtu aliyekuwa falka ya chini alipaswa kuinuka, kutafuta vesti yake ya kujiokolea, kufika ngazini katika giza huku sakafu ikigeuka ukuta, kupanda ngazi iliyojaa wenzake, kupita sitaha ya kati, kupanda tena, kisha kuruka. Mashua za kuokolea hazikuwa na nafasi ya kushushwa kwa utaratibu, kwa kuwa meli iliyolala ubavu huzibana mashua za upande mmoja na kuzining'iniza za upande wa pili juu ya chuma cha meli yenyewe. Waliookoka wengi wao ni wale ambao tayari walikuwa juu, au karibu na mlango.

Meli nyingine nne zilitawanyika kama ilivyoagizwa kufanywa shambulio linapotokea. Petard na Paladin zilirudi mahali pa tukio.

## Uamuzi wa Petard

Makamanda wawili waligawana kazi. Paladin ilisogea kwa manusura, ikashusha mashua na kuanza kuwatoa watu majini, hatua ambayo peke yake ilikuwa ya ushujaa mkubwa, maana manowari iliyosimama karibu na nyambizi ni shabaha isiyohitaji ustadi. Petard ilianza kuwinda.

Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya mahali manusura walipokuwa wakielea. Huenda kamanda wake alitegemea kwamba Waingereza wasingethubutu kupiga pale. Kamanda wa Petard alikuwa na mambo manne ya kuyapima kwa wakati mmoja. Nyambizi ilikuwa bado na silaha. Paladin ilikuwa imesimama au inakwenda polepole, imejaa watu. Meli nne za askari zilikuwa zinakimbia kwa njia tofauti bila mlinzi wa kuwinda nyambizi. Na majini palikuwa na watu walio hai, wenzake wa upande mmoja, wakimwona akija.

Aliamuru mabomu yaangushwe. Mlipuko wa chini ya maji haumwui mtu kwa vipande vya chuma tu. Nguvu yake hupita ndani ya maji na kuingia mwilini, ikapasua mapafu na matumbo ya mtu asiyekuwa na jeraha lolote la nje, na aliyezama hadi kifuani huumia kuliko aliyelala chali juu ya maji. Baadhi ya waliookoka torpido walikufa kwa mabomu hayo. Wenzao walishuhudia, na mabaharia walioyaangusha walishuhudia pia.

Baada ya mpigo wa tatu I-27 iliibuka juu. Mapigano yaliyofuata yalikuwa marefu na ya kuchosha. Makombora ya manowari zote mbili yaliipiga nyambizi mara nyingi bila kupasua gamba lake imara la ndani. Paladin ilielekea kuigonga, ikageuza dakika za mwisho, na pezi la nyambizi likaupasua ubavu wake, maji yakaingia. Petard ikabaki peke yake, ikafyatua torpido moja baada ya nyingine, sita zikakosa. Ya saba ndiyo iliyoivunja I-27, saa mbili na nusu hivi tangu shambulio lianze.

## Matokeo

Waliokufa walikuwa 1,297, wanaume 1,220 na wanawake 77. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake sita. Manusura walipelekwa kisiwa cha Addu, kusini mwa Maldivi. Hakuna tukio jingine la vita lililoua wanawake wengi zaidi wa majeshi ya Jumuiya ya Madola kwa mara moja. Rejimenti ya 301 ilikoma kuwa kikosi cha vita kabla ya kupiga kombora hata moja Burma. Meli nyingine nne za msafara zilifika Colombo salama. Askari na maofisa wa rejimenti hiyo wanakumbukwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

## Uchambuzi

Nianze na Petard. Lawama dhidi ya kamanda wake husimama juu ya swali moja la haki: je, hakuweza kungoja? Nyambizi iliyozama haiwezi kukaa chini milele, na manowari yenye mtambo wa kusikiliza mwangwi chini ya maji inaweza kuizungukia hadi hewa na betri ziishe, huku waokoaji wakimaliza kazi. Kama njia hiyo ilikuwapo, basi mabomu yale yaliua watu bure.

Kwa maoni yangu haikuwapo. Kuishika nyambizi chini ya maji kunahitaji walau manowari mbili za kuwinda, moja ikisikiliza wakati nyingine inasogea, maana manowari inayopita juu ya nyambizi hupoteza mwangwi wake kwa muda. Pale palikuwa na manowari moja ya kuwinda, kwa sababu nyingine ilikuwa inaokoa watu. Kama Paladin ingeacha kuokoa ili ije kusaidia kusikiliza, watu wangeendelea kufa majini. Kama Petard ingengoja peke yake na kupoteza mwangwi, I-27 ingeweza kuipiga Paladin iliyojaa manusura, na tungekuwa na Slamat ya pili. Kamanda alichagua njia ambayo idadi ya waliokufa kwayo ingekuwa na mwisho.

Hilo halimfanyi mtu yeyote astarehe, na halipaswi kumfanya. Lakini linatupeleka kwenye swali lenye uzito zaidi, nalo ni nani aliyemfikisha kamanda huyo mahali ambapo njia zote zilizobaki zilikuwa za kuua wenzake. Mlinzi wa tatu wa kuwinda nyambizi angebadilisha hesabu yote: mmoja anaokoa, wawili wanaishika nyambizi. Mlinzi huyo hakuwapo kwa sababu ya jinsi manowari za kasi zilivyogawanywa siku zile, na mgawanyo huo ulifanywa ofisini, na watu wenye ramani mezani na muda wa kufikiri. Natambua kwamba manowari zilikuwa haba kweli. Hata hivyo meli tano za askari zilizojaa pomoni, zikipita mlango wa visiwa unaojulikana, hazikupaswa kupewa ulinzi ambao nusu yake ingetoweka mara mtu mmoja atakapohitaji kuokolewa.

Upande wa yaliyofanywa vizuri ni mfupi, ila si wa kudharauliwa. Uamuzi wa kutawanya meli uliziokoa zile nne. Mgawanyo wa kazi kati ya Petard na Paladin ulifanyika upesi bila kusuguana, na karibu wote waliookoka wanadaiwa uhai wao na mabaharia wa Paladin waliopiga makasia kati ya mabaki huku milipuko ikitikisa mashua zao. Jaribio la kuigonga nyambizi, kwa upande mwingine, lilikuwa kosa la wazi. Paladin ilikuwa na manusura sitahani, na kuiweka hatarini kwa pigo ambalo lingeweza kutolewa kwa torpido hakukuwa na faida iliyolingana nalo.

Sasa niende kwenye meli yenyewe, kwa kuwa hapa historia imetupa kipimo ambacho ni nadra kukipata. Pacha wake, Mohamed Ali El-Kebir, naye aligeuzwa kuwa meli ya askari, na tarehe 7 Agosti 1940 alipigwa na nyambizi ya Ujerumani U-38 magharibi ya Ireland akiwa safarini kwenda Gibraltar. Alikuwa na watu 862. Waliookolewa na manowari HMS Griffin walikuwa 766, yaani karibu tisa katika kila kumi. Khedive Ismail iliokoa watu wasiofika 15 katika kila 100. Karakana ni ileile, umbo ni lilelile, kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba El-Kebir alipigwa torpido moja sehemu ya nyuma akaelea kwa karibu saa mbili, wakati Khedive Ismail ilipigwa mbili na haikuelea hata robo saa.

Tofauti hiyo yaeleza kwa nini mazoezi ya kila siku ya kukusanyika kwenye mashua, ambayo kila meli ya askari iliyafanya, yalisaidia pale na hayakusaidia hapa. Mazoezi yale hudhani kwamba meli itabaki wima kwa muda. Watu hufundishwa kusimama kwa mistari na kungoja amri ya nahodha. Kwa meli ya namna hii, yenye falka kubwa zilizofunguliwa ili zikae watu, lilipaswa kuwepo fundisho la pili kabisa, la mtu kutoka chini peke yake bila kungoja amri, pamoja na ngazi za ziada na kamba za kupandia kwenye matundu ya falka. Pia katika maji ya hatari, mchana, bahari ikiwa shwari, watu waliokuwa chini wangeweza kupewa sitaha kwa zamu ili falka zisijae. Wauguzi walifikwa na jambo hilohilo kwa upande mwingine: wanawake 83 walikuwamo melini, na kukusanyika ukumbini saa ile ya mchana kuliwaweka wengi wao ndani, mbali na sitaha ya wazi.

La mwisho ni upakiaji, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Sababu za kuweka rejimenti nzima katika meli moja zinaeleweka. Kikosi husafiri na maofisa wake, hubaki na nidhamu yake, huendelea na mafunzo njiani, na hufika tayari kwa kazi bila wiki za kuungana upya. Karani wa usafiri naye hurahisishiwa kazi, kwa kuwa orodha ni moja na bandari ya kushukia ni moja. Lakini mwaka 1944 si 1939. Miaka minne ya vita vya nyambizi ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba meli yoyote ya msafara inaweza kupotea, na gharama ya kuwachanganya watu kwa wiki moja baharini ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na hatari ya kupoteza kila mpiga mizinga, kila fundi wa redio na kila ofisa wa kikosi kwa pigo moja. Msafara wa KR 8 ulikuwa na meli tano zilizotoka Kilindini kwa pamoja, zikielekea Colombo kwa pamoja. Rejimenti ya mizinga hugawanyika yenyewe katika betri, yaani vikosi vidogo vya mizinga. Kama betri hizo zingetawanywa katika meli tofauti, torpido zilezile mbili, zikipiga meli ileile, zingeiacha sehemu kubwa ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki ndani ya zile meli nne zilizotia nanga Colombo.